Kengele ya Januari hupigwa Novemba: kufungua mwaka katika shule ya msingi ya Kikatoliki, Bagamoyo

Ugomvi mwingi unaozuka shuleni mwezi wa pili hupandwa mwezi wa kumi na moja, pale fomu ya kujiunga inapotolewa nakala ya mwaka juzi bila mtu kuisoma upya. Mzazi analalamika hakuambiwa kwamba mwanawe ataingia kanisani. Mpishi amesonga ugali wa watoto mia tatu, kumbe themanini wamefunga. Mtoto wa Darasa la Nne anasajiliwa kwa jina ambalo halimo kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Mengi ya hayo humalizwa kwa karatasi mbili na vikao viwili kabla ya Krismasi.

Maelezo haya ni ya mwalimu mkuu, meneja wa shule, mwalimu wa taaluma na wazazi walio kwenye kamati. Shule tunayoifikiria ni ya kutwa, ina wanafunzi 300 hivi kuanzia awali, iko chini ya parokia au shirika la masista, na watoto wake wanatoka Dunda, Magomeni, Nianjema, Kaole hadi Kiromo. Bweni lina mambo yake, hatuyagusi hapa.

Tangu Mapadre wa Roho Mtakatifu walipovuka kutoka Zanzibar mwaka 1868 na kuanzisha misheni hapa Bagamoyo, shule za Kanisa mjini zimeishi katikati ya Waislamu. Anayeandaa mwaka mpya kana kwamba watoto wote wametoka katekesi anajitafutia kesi.

Novemba: fomu ya kujiunga

Fomu isizidi kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza ni wa mahitaji, na kila kitu kiandikwe kwa idadi na ukubwa. "Madaftari ya kutosha" si maelekezo. Andika: madaftari 10 ya kurasa 80 kwa Darasa la Kwanza na la Pili, kaunta buku za kwaya mbili, moja kwa kila somo, kwa Darasa la Tano hadi la Saba, penseli 6, kichongeo 1, rula ya sentimita 30, rimu 1 ya karatasi kwa mwaka, fagio 1 la chelewa. Kila kitu unachoomba, jiulize kinawekwa wapi na nani atakigawa. Shule inayoomba rimu 300 na kuishia kununua karatasi mwezi wa tano imeshindwa kutunza stoo, na wazazi huligundua hilo mapema.

Sweta iondoe. Januari Bagamoyo ni msimu wa kaskazi, joto la mchana hufika nyuzi 31 au 32, na mtoto aliyevalishwa sweta kwa ajili ya picha huishia kulifunga kiunoni na kulipoteza. Fedha hiyo inunue shati la pili. Jora la kitambaa cha sare liagizwe kwa pamoja na kugawiwa mafundi wawili au watatu, maana kila mzazi akinunua chake dukani, bluu zinakuwa nne mstarini. Mwambie fundi aache pindo la sentimita 5 chini ya sketi na kaptula, mtoto wa Darasa la Pili akirefuka ishushwe.

Ukurasa wa pili ni wa ada. Taja kiasi kwa mwaka, kisha awamu na tarehe za mwisho za kila awamu, kisha kinachoingia ndani ya ada na kisichoingia: chakula, usafiri, mitihani ya majaribio, ziara. Malipo yapite benki au kwa namba ya malipo, na mwalimu wa darasa asipokee hata shilingi. Pia eleza mapema hela ya chakula itakuwaje mwezi wa Ramadhani kwa mtoto anayefunga. Ipunguzwe, ihamishiwe muhula wa pili au ibaki kama ilivyo, kamati ndiyo itaamua, ila uamuzi uwe kwenye karatasi.

Ukurasa wa tatu ni wa dini, na ndio shule nyingi huuruka kwa haya. Andika wazi kwamba shule ni ya Kikatoliki, kwamba siku huanza kwa sala, kwamba kuna Misa za shule na tarehe zake, na kwamba hakuna mtoto anayelazimishwa kuabudu asichokiamini. Uhuru wa imani umo katika Ibara ya 19 ya Katiba. Kisha weka nafasi ya mzazi kuchagua na kutia sahihi: mtoto ashiriki Misa, akae kwa heshima tu, au abaki darasani na mwalimu. Kipengele hicho kimoja huokoa simu nyingi.

Majina, vyeti na namba

Hapa pana makosa madogo yanayodumu miaka. Mtoto anayeanza Darasa la Kwanza alete nakala ya cheti cha kuzaliwa cha RITA, kadi ya kliniki na picha mbili. Cheti cha ubatizo hakichukui nafasi ya cheti cha kuzaliwa, hata kikiwa na muhuri wa paroko. Mzazi asiye na cheti cha kuzaliwa mpe barua ya kumsaidia kufuatilia, na mwekee tarehe ya kurudi.

Tatizo la kawaida ni mtoto mwenye majina mawili. Cheti kinasema Mwanaidi Juma, nyumbani anaitwa Mwana, na baada ya ubatizo anajulikana kama Maria. Darasani mwiteni jina analolizoea. Kwenye rejista, kwenye PREM (mfumo wa Baraza la Mitihani wa kumbukumbu za wanafunzi) na kwenye kila fomu ya serikali liandikwe la cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Jina likikosewa huko, litamfuata kwenye Upimaji wa Taifa wa Darasa la Nne na kwenye mtihani wa Darasa la Saba. Kulirekebisha baada ya matokeo kutoka ni safari ndefu kuliko kulisoma vizuri Desemba. Mwalimu wa taaluma akae na mzazi, cheti mezani, wasome jina kwa sauti, mzazi atie sahihi kwamba ni sawa. Dakika tatu kwa mtoto.

Anayehamia kutoka shule nyingine aje na namba yake ya PREM na ripoti ya mwisho. Usimwandike rejistani kwa ahadi kwamba "uhamisho utafuata". Uhamisho usiokamilishwa kwenye mfumo humwacha mtoto akihesabiwa shule ya zamani, na mara nyingi hugundulika wakati wa usajili wa mtihani, watu wakiwa wameshachelewa.

Kwa watoto Wakatoliki ongeza karatasi moja: nakala ya cheti cha ubatizo yenye namba ya ubatizo na jina la parokia alikobatiziwa. Bila namba hiyo katekista hataweza kumfikisha Komunyo ya Kwanza bila usumbufu, na parokia ya mbali haijibu barua kwa wiki moja. Kwa asiyebatizwa anayesema anataka ubatizo, jibu ni moja: mzazi au mlezi aje mwenyewe ofisini kwanza. Sheria ya Kanisa yenyewe inataka ridhaa ya mzazi mmoja walau, na katika mji huu kuikwepa ni kuvunja imani ya mitaa mizima.

Desemba: majengo na maji

Wiki ya kwanza baada ya kufunga, pita kila chumba na daftari, peke yako na fundi. Upepo wa bahari unakula chuma: misumari ya bati, bawaba za madirisha, komeo, vyuma vya madawati. Gusa kila dawati kwa mkono, litikise. Lenye kiungo kilicholegea litengenezwe sasa, maana likikaliwa na watoto watatu litavunjika Februari na kumchana mtu. Kwenye dari tazama popo na mavi yao. Miti ya uani ikaguliwe nyuki na matawi makavu.

Darasa moja la msingi lisizidi wanafunzi 45, la awali 25. Ukiona majina 60 kwenye orodha ya Darasa la Kwanza, amua Desemba kama utafungua mkondo wa pili au utafunga usajili.

Vyoo vina hesabu yake: tundu moja kwa wasichana 20, moja kwa wavulana 25. Shule ya wasichana 150 na wavulana 150 inahitaji matundu 8 na 6. Chumba kimoja cha wasichana kiwe na maji ndani, komeo linalofungwa na chombo cha taka chenye kifuniko. Wasichana wa Darasa la Sita na la Saba hukosa shule kwa sababu ya komeo, na hawatakuambia.

Maji ya kunywa na kunawa yahesabiwe lita 5 kwa mtoto kwa siku, yaani lita 1,500 kwa watoto 300, bila jiko na bila vyoo vya kumwagia. Tangi la lita 5,000 linamaliza siku tatu. Lioshwe ndani kabla ya kufungua. Maji yaliyolala tangu Novemba yasinywewe.

Siku tatu za walimu

Walimu wafike siku tatu za kazi kabla ya watoto. Siku ya kwanza ni ya azimio la kazi kwa kila somo na kuhakiki kwamba vitabu vya kiada vilivyopo ni vya muhtasari unaotumika sasa, si vya zamani. Vikipungua, maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kusoma bure, vinavyomfaa mwalimu kujiandaa hata kama watoto hawana simu.

Siku ya pili ni ya ratiba, na ratiba ya shule kama hii ina mtego mmoja: vipindi vya dini. Viweke vya madarasa jirani saa ileile, kwa mfano Darasa la Tano na la Sita pamoja. Hapo Wakatoliki wanaenda kwa katekista, Wakristo wa madhehebu mengine kwa mwalimu wao, Waislamu kwa maalim. Ukiweka kila darasa saa yake utahitaji vipindi vya walimu wa dini mara mbili, na mwisho wa yote kundi moja litakaa bila mtu. Vyumba navyo vigawanywe kwa haki. Kuwapeleka watoto wa maalim chini ya mwembe kila wiki huku wengine wana ubao ni jambo ambalo wazazi wanaliona hata wasiposema.

Ijumaa panga vipindi vifupi mchana, na wavulana wakubwa wanaokwenda msikitini watoke kwa orodha na kurudi kwa orodha. Kikomo cha kurudi kiandikwe.

Siku ya tatu: zamu, ulinzi wa watoto, na maadili ya walimu. Kila mwalimu, mpishi, dereva na mlinzi atie sahihi kanuni za kulinda mtoto. Bandika ubaoni jina la mwalimu wa unasihi na namba 116, simu ya bure ya kutoa taarifa za ukatili kwa watoto.

Siku ya kwanza

Geti lifunguliwe saa 12:45. Mezani getini wakae watu wawili wenye orodha zilizopangwa kwa darasa, kisha kwa alfabeti, bila kuchanganya na mambo ya ada. Anayedaiwa asirudishwe getini siku ya kwanza mbele ya wenzake. Barua iende kwa mzazi.

Mstarini dakika 20, si zaidi, kivulini ikiwezekana: sala, wimbo wa taifa, walimu kutambulishwa, kila mwalimu wa darasa kuondoka na watoto wake. Hotuba ya meneja ina nafasi yake kwenye kikao cha wazazi.

Awali na Darasa la Kwanza waanze siku mbili kabla ya wengine, au siku hiyohiyo saa moja baadaye. Mzazi aingie darasani, akae dakika 10, aage kwa maneno, aondoke. Anayetoroka mtoto akiwa haangalii humfundisha mtoto kwamba kila akigeuza macho mtu hupotea, na kilio cha kesho kinakuwa kikubwa zaidi. Kila mtoto wa awali avae kadi shingoni yenye jina lake, jina la anayemchukua na namba ya simu. Bodaboda hapewi mtoto kama jina lake halimo kwenye kadi, hata akisema mama kamtuma.

Misa ya kufungua mwaka

Zungumza na paroko mwanzoni mwa Desemba. Inayofaa ni Misa ya Roho Mtakatifu, mavazi mekundu, nayo husomwa siku za kawaida baada ya Ubatizo wa Bwana. Shule hufunguliwa mara nyingi wiki ya pili ya Januari, kwa hiyo Misa ikae wiki ya pili au ya tatu ya masomo, watoto wakiwa wameshajua madarasa yao. Tarehe 28 Januari ni kumbukumbu ya Mtakatifu Thomaso wa Akwino, msimamizi wa shule za Kikatoliki na wanafunzi. Ukiitaka siku hiyo, paroko ndiye aamue kama ni Misa ya mtakatifu au ya Roho Mtakatifu, maana kumbukumbu ya lazima ina taratibu zake.

Anza saa 2:00 asubuhi, umalize kabla ya saa 3:00. Siku ya kawaida haina Utukufu wala Nasadiki: somo moja, zaburi, Injili. Isaya 11:1-3 juu ya vipaji vya Roho ni fupi, na mtoto wa Darasa la Tano anaweza kulisoma vizuri akifanya mazoezi mara tano kwenye kipaza sauti chenyewe. Mazoezi ya darasani hayamwandai kwa mwangwi wa kanisa.

Watoto kuzimia ndiyo hitilafu ya kila mwaka, na chanzo chake kinajulikana. Wazazi humzuia mtoto kula tangu usiku "kwa sababu kuna Komunyo". Mfungo wa Ekaristi ni saa moja tu kabla ya kukomunika, maji na dawa vinaruhusiwa. Komunyo ikiwa saa 2:40, uji unaonywewa saa 1:15 hauvunji kitu. Tangazeni hivyo kwa barua siku mbili kabla, na uji upikwe siku hiyo hata kama si kawaida.

Hosti zihesabiwe kwa kuuliza kila darasa nani ameshapokea Komunyo ya Kwanza, kisha ongeza za wazazi na walimu. Mtoto asiyepokea asisukumwe kwenye mstari na mwalimu anayetaka benchi zitoke kwa mpangilio. Padre akikubali kuwabariki wasiokomunika, waelezwe darasani namna ya kukunja mikono kifuani.

Watoto waliobaki darasani kwa chaguo la wazazi wawe na kazi ya kweli na mwalimu wa kweli. Ukiwaacha wafagie uwanja, umewaadhibu.

Matoleo yawe ya shule: kitabu cha mahudhurio, kengele ya mkono, daftari jipya, boksi la chaki. Kanisa lina desturi ya kubariki chaki wakati wa Tokeo la Bwana na kuandika juu ya mlango mwaka na herufi C, M na B. Kwa shule inafaa, chaki ikiwa ndiyo jembe letu.

Utoto Mtakatifu, shirika la watoto lililoanzishwa mwaka 1843, lianze wiki ya tatu. Uanachama ni hiari.

Jiko, Kwaresima na Ramadhani

Kwa watoto 300, mlo wa mchana wa ugali na maharage hesabu unga gramu 120 kwa mtoto, kilo 36; maharage makavu gramu 40, kilo 12; mafuta lita moja na nusu. Uji wa asubuhi: kilo 9 au 10 za unga kwa lita 90. Mpishi apime kwa mizani wiki mbili za kwanza, kisha ajue debe lake linabeba nini. Maharage yalowekwe usiku, vinginevyo kuni zinaisha Machi.

Miaka hii kalenda mbili zimekutana. Jumatano ya Majivu mwaka 2026 ni 18 Februari, na Ramadhani inaanza siku hiyo au inayofuata kwa mwandamo. Mwaka 2027 Majivu ni 10 Februari, Ramadhani siku moja au mbili kabla. Mkatoliki huanza kubanwa na sheria ya kutokula nyama akitimiza miaka 14, na mfungo wa chakula miaka 18, kwa hiyo karibu wanafunzi wako wote Wakatoliki hawalazimiki. Ijumaa na siku ya Majivu pika maharage kama kawaida na suala limekwisha.

Kwa Waislamu, wa Darasa la Tano kwenda juu wengi hufunga, wadogo hujaribu siku mbili tatu. Wakati wa kuita majina asubuhi mwalimu ahesabu wanaokula, apeleke namba jikoni kabla ya saa 3:00. Wanaofunga wasikalishwe bwaloni kutazama wengine, wafunguliwe maktaba. Michezo ihamie asubuhi au isitishwe, maana joto la Februari na koo kavu haviendani na mbio.

Kikao cha wazazi, na afya

Jumamosi ya wiki ya tatu, saa 3:00 asubuhi. Jumapili baada ya Misa huwaacha nje wasio Wakatoliki, na Ijumaa mchana huwaacha nje Waislamu. Ajenda nne: kalenda, ada na matumizi yake, chakula, nidhamu. Saa moja na nusu. Baadaye kila mzazi aende darasa la mwanawe, huko ndiko maswali ya kweli huulizwa. Madeni ya mtu yasitajwe hadharani.

Fomu ya afya itaje pumu, kifafa na selimundu. Mtoto mwenye selimundu anahitaji maji muda wote na ruhusa ya kwenda chooni bila kuomba mara mbili. Kumsimamisha juani kunaweza kumlaza hospitali. Dawa za minyoo na kichocho, na chanjo ya HPV (ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi) kwa wasichana wa umri unaolengwa, hutolewa kwa tarehe za idara ya afya. Barua kwa wazazi itangulie.

Wiki ya sita

Linganisha rejista na orodha ya PREM, jina kwa jina. Hesabu madaftari ya watoto ishirini bila kuwaambia mapema. Asiye nayo, uliza nyumbani kwa upole. Tazama nani hajafika siku tano mfululizo na mpeleke mwalimu hadi mtaani kwake.

Mtoto wa awali anayelia bado wiki ya sita, usimwachie mwalimu wake peke yake. Mwangalie saa ngapi hulia. Akilia akifika tu na kunyamaza baada ya robo saa, ni mazoea, yataisha. Akianza kulia karibu na saa ya kwenda nyumbani, muulize anaogopa nini, na umjue anayemchukua.